Mama Kijacho Ana Jumamosi Yake

Katika Injili ya Luka, mjamzito anakwenda kumtembelea mjamzito mwenzake. Malaika ameshaondoka, na Mariamu anafunga safari upesi kuelekea nchi ya milima ya Yudea, nyumbani kwa Elisabeti, jamaa yake, ambaye mimba yake imefikisha mwezi wa 6. Anakaa kwake kama miezi 3. Baada ya salamu na ule wimbo wa kumtukuza Mungu, Luka hasemi neno juu ya walichopika, walichocheka wala walichoogopa siku zote hizo. Huenda alikuwa mwanamume mno kuuliza.

Qur'ani inamwonyesha Maryam akiwa peke yake. Katika Sura ya 19, inayoitwa kwa jina lake, anajitenga na kwenda mahali pa mbali. Uchungu unamfikisha kwenye shina la mtende, na hapo anatamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Sauti inamtuliza: chini yake pana kijito, autikise mtende zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, atulize moyo. Akimwona mtu, aeleze kwamba ameweka nadhiri ya kutosema na yeyote siku hiyo.

Mwanamke mwenye mimba anahitaji watu, au anahitaji kuachwa? Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya 2022, hulijadili swali hilo kila Ijumaa jioni kwenye magrupu ya WhatsApp, ingawa hakuna anayeliita falsafa. Kesho tunakutana wapi? Mmoja anataka baa ya Sinza, mwingine anataka kuvuka kwenda Kigamboni. Kisha mtu anakumbuka kuuliza habari za yule mwenye mimba ya miezi 7, na jibu linakuja haraka: tusimsumbue, apumzike. Huruma tupu, na ndiyo imekwisha kumtoa. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Jibu hilo lina mizizi. Katika familia nyingi mimba haitangazwi mpaka ionekane yenyewe. Husuda inaogopwa, na kuna bibi ambao bado hawataki nguo za mtoto zinunuliwe mapema. Furaha huwekwa upande wa pili wa uzazi: Waislamu hufanya akika siku ya 7, mama wa pwani hukaa ndani mpaka arobaini itimie, Wakristo husubiri ubatizo. Wapo wanaocheka tahadhari hii, lakini haikustahili kuchekwa. Ilitungwa na watu waliozika watoto wengi, na ndani yake mna imani kwamba mtoto ni zawadi ambayo haijafika mkononi. Mtu huisubiri bila kuihesabu.

Lakini kumlinda mtu na kumtenga ni mambo mawili, na dini zenyewe zinaijua tofauti hiyo. Mwezi wa Ramadhani ndio mfano ulio wazi zaidi. Mjamzito anayehofia madhara juu yake au juu ya mtoto ana ruhusa ya kutofunga. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wameichambua ruhusa hiyo kwa makini: akihofia nafsi yake, atalipa siku alizokula, akihofia mtoto peke yake, atalipa na pia atamlisha maskini kwa kila siku. Mzigo umepunguzwa na hesabu yake imewekwa. Hata hivyo hakuna faqihi aliyesema kwamba kwa kuwa hafungi, basi asikae kwenye jamvi la futari. Jioni adhana ikilia, uji na tambi humfikia kama vinavyowafikia wengine. Ruhusa ni yake, na anaitumia akiwa ndani ya jamaa.

Marafiki wa mjini wangefanya vyema kuiga hapo.

Mchungaji na mwanafikra wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa Mwafrika mtu yupo kwa sababu ya wenzake, waliokufa na watakaozaliwa wakiwamo. Kwa mtazamo huo mimba haiwezi kuwa jambo la mtu mmoja. Kwame Gyekye wa Ghana alikubali kwamba jamii humjenga mtu, ila akakataa kwamba inammeza: mtu hubaki na akili yake ya kuchagua, hata ya kuwakosoa waliomlea. Mabishano hayo yanaweza kusikika kama mambo ya darasani, mpaka mtu amtazame mama kijacho anayeishi na wakwe. Huyu anamkataza mayai, yule anampangia jina, wa tatu anauliza kwa nini ametoka. Nia ni njema, lakini yote yanahusu mtoto wa ukoo. Kliniki nako wanapima shinikizo la damu, wingi wa damu na mapigo ya moyo wa mtoto, na kadi inajaa tarakimu. Ni kazi ya lazima. Isipokuwa kwamba wiki nzima inaweza kupita pasipo mtu kumuuliza mwenye tumbo kama kitabu alichokuwa akikisoma kimeisha.

Marafiki ndio wanaouliza. Wanamjua kabla ya mimba, na hivi karibuni dunia itaanza kumwita Mama Fulani na jina lake litabaki midomoni mwao wachache. Aristotle, ambaye kitabu chake cha maadili kina sehemu 10, alitenga 2 nzima kuzungumzia urafiki. Aliwagawa marafiki katika makundi: wa faida, wa starehe, na wale wanaompenda mtu kwa jinsi alivyo. Makundi mawili ya kwanza, alisema, huvunjika faida au starehe ikikoma.

Mimba huyatenganisha makundi hayo haraka sana. Shirika la Afya Duniani halijui kiasi chochote cha pombe kilicho salama kwa mjamzito, kwa hiyo bia imetoka. Moshi wa sigara nao umetoka. Kama kilichowakutanisha kila Jumamosi ni bia na spika inayotikisa meza, grupu litakuwa kimya kwake ifikapo mwezi wa 4. Kama kilikuwa kitu kingine, kikao kitahama bila mkutano: saa 10 jioni badala ya saa 4 usiku, Coco Beach badala ya baa, mihogo ya kukaanga na dafu, upepo wa bahari bure. Hakuna anayejisifu kwamba amejitolea.

Hapo ndipo beibi shawa inapoingia, mdogo wake kichen pati. Wazee wanailaumu kwamba inasherehekea kisichozaliwa, na viongozi wa dini wanalaumu matanuzi. Kwenye matanuzi wana hoja: michango inayodaiwa kama kodi, sare za kitenge, keki ya ghorofa, MC anayepiga kelele kuliko mtoto atakayezaliwa. Shughuli ya aina hiyo ni ya wapiga picha. Lakini desturi hii haikushika kwa sababu ya keki. Mtoto akishazaliwa, nyumba hujaa mama mzazi, mama mkwe na mawifi. Rafiki huja na pampasi, hukaa nusu saa, huaga. Kabla ya uzazi ndipo palipokuwa na nafasi yake, akaichukua.

Maryam wa mtende, kwa upande wake, anatetea jambo ambalo marafiki husahau: haki ya mjamzito kunyamaza. Kuna Jumamosi ambayo miguu imevimba na hataki kuona mtu. Ila katika Sura ileile, baada ya kujifungua, anarudi kwa watu wake akiwa amembeba mtoto. Upweke wake ulikuwa wa muda.

Mimba ya wiki 40 ina Jumamosi 40. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma walau mara 8. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Rafiki hakutajwa popote. Ana mwisho wa wiki tu. Basi kabla ya kuandika "apumzike" kwenye grupu, mpigieni mumuulize. Akisema hapana, iwe hapana, na wiki ijayo aulizwe tena. Akisema ndiyo, mfuateni kwa gari kabla foleni haijakaza, chagueni mahali penye kiti cha kuegemea na choo cha karibu, na mrudisheni kwake kabla ya saa 2 usiku.