Fundi Anadaiwa Nini na Asiyeona?

Kuna kazi ambazo ukizifanya vibaya aibu yako inaonekana mchana. Ukuta ukipinda, kila mpita njia anauona. Chapati ikiungua, mlaji anaitema. Lakini kuna kazi nyingine zinazofungiwa ndani ya kasha kwa skrubu sita, na aliyezilipia hatazitazama maisha yake yote. Kutengeneza amplifaya ni mojawapo, na ndiyo inayonilisha. Kwa hivyo swali hili si la kupitisha muda kwangu: fundi anadaiwa nini na mtu asiyeweza kuona alichofanyiwa?

Tuanze na kapasita, maana humo ndimo swali linamokaa. Zile kubwa unazoziona ukifungua amplifaya, mikebe ya alumini imesimama kama matangi, kazi yake inafanana na ya matangi kweli. Stima yetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ikishapita kwenye transfoma na daiodi, hutoka kwa mapigo 100 kila sekunde. Kapasita huyapokea mapigo hayo, ikajaa, halafu ikaachia umeme taratibu, kama tangi la juu ya ploti ambayo maji ya mfereji huja kwa zamu. Ndani ya mkebe mna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Miaka ikipita, joto hukikausha kile kimiminika. Hapo spika huanza kuvuma hata kama muziki haujawekwa, besi inalegea, na wakati mwingine kichwa cha mkebe huvimba.

Kuchagua mbadala si uganga. Mikrofaradi ziwe zile zile au karibu nazo. Ukizizidisha sana eti utafute besi, unazitwisha daiodi na fyuzi mzigo wa ghafla kila unapowasha. Volti ziwe sawa na za mwanzo au zaidi, zisipungue kamwe. Transfoma inayotoa volti 35, baada ya daiodi inakupa karibu 48. Mtu anaweza kusema kapasita ya volti 50 inatosha. Inatosha, hadi stima ipande kwa asilimia 5 tu, na huku mitaani usiku hupanda. Weka ya 63 ulale.

Baki la joto ndilo linaloniletea mawazo. Kapasita nyingi huandikwa nyuzi 85 au nyuzi 105, na kiwandani huahidiwa saa kadhaa za kazi kwenye joto hilo. Kwa kadirio la mafundi, kila joto linaposhuka nyuzi 10 maisha yake huongezeka maradufu. Ya nyuzi 105 iliyoahidiwa saa 2,000, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, inatarajiwa kufika saa 32,000. Ya nyuzi 85 yenye ahadi hiyo hiyo ya saa 2,000, ikikaa pale pale, itafika 8,000. Kwa mtu anayewasha saa nane kwa siku, hiyo ni tofauti ya karibu miaka kumi na moja na chini ya mitatu.

Sasa sikia ubaya wake: siku ya kwanza zote mbili zinaimba sawasawa. Hakuna sikio litakalozitenganisha. Mteja akija kuchukua mzigo wake atawasha, atatikisa kichwa, atalipa. Waranti yangu ya mwezi mmoja haimsaidii chochote, maana hata ile mbovu itaumaliza mwezi. Na kuna mbovu zaidi ya hiyo. Sokoni zipo bandia ambazo ukizipasua unakuta mkebe mdogo umefichwa ndani ya mkebe mkubwa. Nje imeandikwa hivi, mita inasoma vingine. Mimi nina mita. Mteja ana imani tu.

Jibu la haraka ni kwamba fundi mwadilifu aweke bora kabisa kila wakati. Linapendeza, lakini halijakutana na watu. Kijana mmoja anayekodisha vyombo vya harusi aliniletea amplifaya siku ya Alhamisi. "Fundi, weka tu yoyote, bora iimbe Jumamosi. Nikilipwa ndio nitajua la kufanya." Nilimwekea mbili mezani. Nikamwambia hii itakusukuma kama miaka miwili, mitatu. Hii inaweza kufika kumi. Tofauti ya bei ni hii. Akachagua ya nyuzi 85, nami nikaifunga bila dhamiri kunisuta. Mtu asiye na pesa ana haki ya kununua miaka mitatu. Kumlazimisha anunue kumi kwa jina la ubora ni kumfanya mtoto.

Ila alipouliza kama ya volti 50 haiwezi kupunguza bei zaidi, nilikataa. Hilo si la kuchagua. Muda wa kifaa ni mali yake, aupime anavyotaka. Lakini kapasita iliyozidiwa volti yaweza kupasuka, na siku hiyo atakayekuwa karibu nayo huenda ni mtoto wa mwenye harusi, ambaye hakuwepo tulipokuwa tukipatana bei.

Kuna pia dhambi ya upande wa pili, nayo huvaa suti. Ni kumbadilishia mtu kapasita arobaini wakati tatu ndizo zimekufa. Ni kumuuzia zile za rangi ya dhahabu zinazosifiwa kuwa ni za muziki hasa, ilhali kazi iliyopo ni kuchuja stima tu, na nzuri ya kawaida ingeifanya. Anayemwibia maskini kwa kumpunguzia na anayemwibia tajiri kwa kumzidishia wanatumia mlango mmoja: mteja haoni ndani.

Kwa hivyo nimefika kuamini kwamba deni la fundi si kutoa kilicho bora. Ni kutoa habari, kisha kufanya kilichokubaliwa. Bei rahisi si udanganyifu. Udanganyifu huanza unaponyamaza.

Jirani yangu wa kazi hakubaliani nami. "Wewe unafungua shule ama kibanda? Ukimweleza sana anachanganyikiwa, anaenda kwa mwingine." Na hasemi uongo. Wapo walioondoka nikiwa bado naeleza, wakaenda kwa anayesema "hakuna shida, kuja saa kumi." Uaminifu una gharama, na gharama hiyo hukatwa kwenye unga wa nyumbani, si hewani. Sitaki kujifanya haiumi.

Lakini neno la Kiswahili kwa kitu ulichoachiwa ukitunze ni amana, na amana hupimwa mwenyewe akiwa hayupo. Sihitaji kumfundisha mtu mambo ya kimiminika na mikrofaradi. Sentensi mbili zinatosha: itadumu kiasi gani, na itagharimu ngapi. Yasiyoingia kwenye sentensi hizo nayafanya kana kwamba amesimama nyuma yangu na tochi. Kisha naandika ndani ya kifuniko tarehe, volti na nyuzi, na kapasita za zamani namrudishia kwenye karatasi.

Nawe ukipeleka amplifaya yako kwa fundi, usione haya kuuliza: uliweka ya volti ngapi, nyuzi ngapi, na zile za zamani ziko wapi? Huna haja ya kuelewa kila jibu. Tazama tu kama swali limemkasirisha.