Nyigu na Mbawakawa: Yupi Mdhalimu?

Kijana mmoja wa darasa letu, achumaye kahawa katika mashamba ya baina ya Thika na Ruiru, alituuliza: "Sheikh, mbawakawa huharibu buni, na nyigu humwua mbawakawa. Je, nyigu si mwenye haki?"

Tulimtaka kwanza awajue wote wawili, kwani kuhukumu kabla ya kujua ni dhuluma.

Mbawakawa huyo ni mweusi, na urefu wake haufiki milimita 2. Jike hulitoboa tunda la kahawa nchani, akaingia ndani ya buni na kutaga. Watoto wake huila nyumba waliyozaliwa. Nyigu naye ni mdogo kama yeye, na hupita katika tundu lilo hilo. Humwua mama mwenye nyumba, na pengine huliziba tundu kwa maiti yake. Kisha hutaga juu ya watoto wa marehemu, na makinda yake huwala hao hata wakafa. Kwa kazi hiyo nyigu alichukuliwa kutoka Uganda hadi Brazil mwaka 1929, na wakulima wakamhesabu rafiki.

Sasa na tupime. Ikiwa kuvunja nyumba na kuua ni ubaya, nyigu amezidi. Ikiwa kutafuta riziki si kosa, wote wawili hawana lawama. Hakuna mizani iwezayo kumtia mmoja hatiani na kumwokoa mwenziwe, ila kikapu chetu. Hatukumsifu nyigu kwa haki yake, bali kwa faida yetu.

Mkulima ana haki ya kulinda mazao yake. Na aziokote buni zilizosalia mitini na zilizoanguka chini, maana humo ndimo mbawakawa hungojea msimu. Kazi hiyo haihitaji chuki.

Hatari ni kuipeleka mizani ya kikapu kwa wanadamu. Nyapara awapigaye wachumaji husifiwa kwa kuwa wizi umepungua. Twamwita mwema, kwa sababu anaowaumiza si sisi. Nyigu hakupewa akili ya kupambanua haki na dhuluma. Nyapara amepewa, na sisi tunaomsifu tumepewa.

Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi mimi jana nilimsifu nyapara wetu."

Tukamjibu: Wengi wetu tumefanya kama wewe. Heri ajuaye leo, kesho asirudie.