Ghala la Nyumba ni la Nani?

Zamani mtu wa mikoani aliposikia habari za nyumba za ghorofa alidhani kuwa ni mambo ya maofisi na ya matajiri. Siku hizi sivyo. Mwezi wa Machi 2022 zilizinduliwa nyumba 644 katika majengo marefu ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, na watu waliozoea kukaa chini wakapanda juu. Tena, tangu ilipotungwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, mwaka 2008, mtu aweza kuwa na hati yake mwenyewe ya nyumba iliyo katika ghorofa ya sita, ijapokuwa ardhi iliyo chini yake si yake peke yake. Kwa hiyo zipo familia nyingi zinazojiandaa kuhamia huko juu, na katika kujiandaa swali lao la kwanza huwa hili: vyombo vyetu tutaviweka wapi?

Swali hilo ni la busara, wala hatulidharau. Lakini twaona kuwa liko swali jingine linalolitangulia, nalo husahauliwa: vyombo hivyo twaviweka kwa ajili ya nani?

Tuchukulie mfano wa familia moja ya Milanzi, katika Manispaa ya Sumbawanga, kule juu Ufipa kwenye baridi. Tuseme kwamba bwana na bibi wamepata uhamisho wa kazi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na kwa akiba ya miaka mingi wamelipia nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala, cha tatu kikiwa kidogo. Usiku, watoto wakisha lala, wanachora ramani ya nyumba mpya juu ya karatasi. Hapa makochi, hapa kabati la vyombo, hapa cherehani. Magunia matano ya mahindi, mawili ya maharage, kinu, baiskeli na masanduku vitaingia katika kile chumba kidogo, nao wameandika juu yake neno moja: stoo. Kila kitu kimepata mahali pake. Aliyekosa mahali ni mama mzazi wa bwana, mjane, anayelala katika nyumba ndogo ya uani. Hakuna aliyemkataa. Hakuandikwa tu.

Wazazi hawa si watu wabaya. Nyumba ya Milanzi haikuwafundisha kuchagua. Mavuno yakizidi, kihenge cha pili hujengwa. Mtoto akikua, hujengewa chumba uani. Kuta za ghorofani hazisogei. Huko, kila kitu kinachowekwa kimechukua nafasi ya kitu kingine, au ya mtu. Kwa hiyo kupanga stoo si kazi ya kamba na tepu peke yake. Ni kazi ya dhamiri.

Hata hivyo tuanze na kamba, kwa maana dhamiri isiyojua mambo hukosea. Kwanza, uzito. Sakafu ya nyumba ya kukaa kwa kawaida huhesabiwa ichukue mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Magunia matano ya kilo mia mia, yakipangwa moja juu ya jingine, ni kilo 500 mahali pamoja. Pili, hewa. Mahindi ya kuhifadhiwa yatakiwa yawe makavu, unyevu wake usizidi asilimia 13 na nusu. Katika joto na unyevu wa pwani, ndani ya chumba kisichopitisha hewa, huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu inayoharibu ini. Tatu, jirani. Sakafu ya mmoja ndiyo dari ya mwenzake, na kinu kilichotwangiwa kwa amani uani Milanzi kitakuwa ngoma juu ya kichwa cha mtoto wa watu. Nne, njia. Ngazi, lifti na ukumbi wa kupitia ni mali ya wenye nyumba wote kwa pamoja. Anayeweka gunia la mkaa mbele ya mlango wake, akisema ni la siku mbili tu, amejitwalia kisicho chake, na siku ya moto ndilo litakalomkwaza mzee anayekimbia.

Watu watatuambia: je, mwataka tuache desturi ya kuweka akiba? Wahenga wamesema akiba haiozi. Tena bei ya unga mjini yajulikana. Mahindi huuzwa kwa bei ndogo Sumbawanga wakati wa mavuno, nasi tutakwenda kuyanunua kwa bei kubwa Dar es Salaam. Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuijibu kwa maneno matamu. Mzazi anayeogopa njaa ya watoto wake hastahili kuchekwa.

Lakini na tukitazame kihenge chenyewe. Kihenge cha Ufipa hakikujazwa kwa ajili ya tumbo la mwenyewe tu. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya mwaka ujao, na chakula cha miezi ya mvua kabla ya mavuno mapya. Mlikuwa pia na fungu la mgeni, na la jirani ambaye shamba lake halikuzaa. Hata maghala makubwa ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Sumbawanga yanayo maana kwa sababu nchi ina mahali pengine penye upungufu. Ghala ni zuri kwa sababu ya watu linaowangojea. Likisha wafungia nje watu hao, limebaki jina tu. Yule tajiri wa Injili aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, kosa lake halikuwa kuvuna sana. Tukimsikiliza vema, tutaona kwamba katika shauri lake lote alisema na nafsi yake peke yake.

Je, basi, tuviache vitu vyote tuende mikono mitupu? La. Milanzi yenyewe ina simulizi ya kutuonya. Husimuliwa kwamba hapo ndipo palipokuwa makao ya watawala wa kwanza wa Ufipa. Siku moja mtawala hakuwapo nyumbani. Wakaja wanawake watatu, wageni kutoka mbali. Mke wake akawapokea, na kigoda cha enzi kikaingia mikononi mwao. Mtawala aliporudi, enzi ilikuwa imekwisha hama, ingawa watu wa Milanzi walibaki na heshima yao katika mambo ya ibada ya nchi. Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika mengi juu ya simulizi hiyo, nayo husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Sisi twajifunza jambo moja: kigoda hakijazi hata pembe ya chumba, lakini vipo vitu vidogo vilivyobeba mambo makubwa, na mwenye kuvitoa bila kufikiri hajui alichokitoa.

Kwa hiyo twashauri vitu vigawanywe mafungu matatu, tena mapema, si usiku wa kuamkia safari. Fungu la kwanza ni vya kutumia kila siku: hivyo viende. Fungu la pili ni vile ambavyo havikuguswa mwaka mzima: hivyo viuzwe, au bora zaidi vipewe wasio navyo, vikiwa bado vizima, maana kumpa maskini kilichovunjika ni kuhamisha takataka. Fungu la tatu ni amana: kigoda cha babu, mbegu ya ulezi, hati ya kiwanja, picha za marehemu. Hivyo si mali yetu kamili, tumeshikishwa tu. Visivyoweza kupanda ghorofani viachwe kwa ndugu mmoja anayetajwa kwa jina, mbele ya mashahidi, ili kesho pasiwe na ugomvi.

Na mama je? Yeye hayumo katika fungu lolote, kwa maana si chombo cha kupangiwa mahali. Aulizwe; tena aulizwe kabla karatasi haijachorwa, si baada yake. Huenda atakataa. Ana makaburi yake, shamba lake na majirani zake wa miaka mingi. Naye ajua kwamba umeme ukikatika lifti husimama, na ngazi za ghorofa sita si rafiki wa magoti yake. Akikataa, shauri litakalofuata ni hili: nani atamtekea maji, nani atalala uani usiku anapougua? Wasikubali kuondoka kabla jibu halijapatikana. Na akikubali, chumba cha tatu ni chake, na lile neno lililoandikwa juu yake lifutwe.

Hata akibaki Milanzi, kitanda kimoja na kiwe tayari ndani ya chumba hicho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni haji mahali ambapo magunia yamelala kitandani pake. Mahindi yaliyokauka vema yaweza kubaki Milanzi katika mifuko isiyopitisha hewa, mama akala humo, na gunia moja moja likatumwa mjini kwa kadiri ya haja. Nauli ya gunia italipwa, na kiasi kingine kitanunuliwa kwa bei ya mjini. Hatusemi kwamba ni bure. Twasema kwamba fedha hiyo ndiyo gharama ya kuwa na mlango unaoweza kufunguliwa.

Wasomaji wetu wapenzi, ninyi mnaojiandaa kupanda juu mwaka huu, twawatakia makao mema. Pimeni vyumba, pimeni milango na lifti, hesabuni magunia. Lakini karatasi ile ya ramani itakapowekwa mezani, mwiteni mama aketi nanyi, mkampe yeye kalamu kwanza.