Ya Mexico mmesikia, ya Edinburgh je?

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nasubiri John Stephen Akhwari atajwe. Sijawahi kukosa. Atatajwa kwenye mahubiri, kwenye hotuba ya mgeni rasmi, na kwenye jumbe za simu zinazosambazwa zaidi na wazazi ambao watoto wao wamefaulu.

Habari yenyewe ni tamu, sikatai. Oktoba 20, 1968, katika jiji la Mexico lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania huyo mzaliwa wa Mbulu alianza mbio za marathoni pamoja na wenzake 74. Hewa ya kule ni nyepesi, misuli ikamkaza. Kabla hajafika nusu ya njia akaanguka katika kubanana na wenzake, goti likateguka, bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2:20:26 na kutwaa dhahabu. Giza likaanza kuingia, watazamaji wengi wakaondoka. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, saa imeshasoma 3:25:27. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho, kwa kuwa wengine 18 waliishia njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu linalosimuliwa hadi leo ni kwamba nchi yake haikumtuma kule kote kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Mimi nilisimuliwa siku niliyopata divisheni ziro. Mjomba alikuja jioni ile ile, akavuta kigoda ambacho mama hukalia akipika vitumbua, akaniita. "Mjomba," akasema, kama wajomba wanavyowaita wapwa wao, "unamjua Akhwari?" Akaanza. Alisimulia vizuri, hata kuchechemea akachechemea kidogo pale uani. Nilimsikiliza nimeinamisha kichwa, na alipomaliza nilijiona mbaya kuliko alipoanza. Wakati ule sikujua sababu. Nilidhani ni utovu wangu wa adabu.

Sasa najua. Akhwari alipoanguka, mbio zilikuwa bado zinaendelea, na mstari wa kumalizia ulikuwa mbele yake. Zangu zilikwisha. Karatasi zilishasahihishwa, jina langu limebandikwa ubaoni, na kila aliyepita dukani kwa jirani alikwishalisoma. Nilikuwa nimemaliza, na hapo hapo ndipo palipokuwa na msiba wangu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "usikate tamaa, maliza", unampa dawa ya ugonjwa wa mwingine. Kilichobaki kwake ni kurudi kwenye mstari wa kuanzia, peke yake, wenzake wakiwa wameshasonga mbele, na habari ya Mexico haifiki huko.

Hata methali tunazipeleka pasipo pake. Tunasema kuteleza si kuanguka. Ni kweli, lakini kuna waliokwisha kuanguka, na wao wanaisikia methali hiyo wakiwa chini.

Halafu kuna mtu mwingine wa siku ile ambaye hatumtaji kabisa. Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 kule Roma, alikokimbia peku, na wa 1964 kule Tokyo, naye alianza mbio zile za Mexico. Mguu wake ulikuwa mbovu, akaacha kabla ya nusu ya njia. Katika hesabu yetu ya mahubirini, Bikila ni miongoni mwa wale 18 walioshindwa kuvumilia. Nani atathubutu kumwambia Bikila kwamba hakuwa na moyo? Kuna wakati mguu unakataa, na kuusikiliza si woga.

Ninachomdai marehemu mjomba (Mungu amrehemu, alinipenda) ni kwamba alikatisha habari. Akhwari hakuishia Mexico. Alirudi nyumbani, akapona, akaanza tena kukimbia. Mazoezi yale hayakuwa na kamera wala uwanja wa kumpigia makofi. Mwaka 1970 akaenda Edinburgh, Scotland, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Edinburgh haina hewa nyepesi kama Mexico, tusilinganishe kitoto. Hata hivyo, muda huo ni pungufu kwa saa moja na dakika kumi, kwa mtu yule yule na goti lile lile. Nafasi ya tano haina medali, labda ndiyo maana haisimuliwi. Kwangu ndiyo habari kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mimi sikuwa na Edinburgh ya kujivunia hivyo. Miezi mitatu sikugusa daftari. Nilimsaidia mama kusaga mchele wa vitumbua na kuvipeleka stendi alfajiri, kabla watu wa kunijua hawajaamka. Siku moja kondakta mmoja aliyezoea kununua kwangu aliniuliza kama najua anakoweza kuchukua fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea, maana anataka kurisiti. Sikujua. Tukaenda kuulizia wote wawili. Siku ya mtihani wa Kiswahili nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyenyonyesha mtoto nje ya mlango, akamkabidhi kwa mdogo wake, akaingia kuandika insha. Pale hakuna aliyemwuliza mwenzake alipata nini mara ya kwanza.

Nilifaulu masomo matano. Hisabati nikapata F tena, na hadi leo sijaifaulu. Kondakta alinipita kwa masomo mawili.

Kwa hiyo Januari ijayo, ikiwa kwenu kuna mtoto aliyejifungia chumbani, nakuomba usimpelekee Akhwari jioni ile. Mpelekee chai na umwache anywe. Wiki mbili zikipita, umkute amekaa uani anaota jua, kaa naye, umsimulie ya Edinburgh. Na uende umeshajua wanaorudia mtihani wanajiandikisha wapi.