Mkono gizani

Katika okestra nzima, mtu mmoja tu hatoi sauti: yule aliyewapa watazamaji mgongo, mikono juu. Ndiyo maana namfikiria sana Armand Diangienda. Alikuwa rubani. Kazi hiyo ilipokwisha, mwaka 1994 akaanzisha okestra ya simfonia ya Wakimbangu kule Kinshasa, na wengi wa wanamuziki wake hawakuwa wamesomea muziki popote. Fidla zilikuwa chache, wakapokezana: huyu ajifunze kidogo, kisha ampe mwenzake aliyekaa akingoja. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli.

Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimfanya mwanachama wake wa heshima. Nilifurahi, kama Mkongomani yeyote. Lakini muziki ukishapigwa umekwisha, na yeye hata hakuupiga. Ameacha nini?

Babu yake ni Simon Kimbangu, mwanzilishi wa imani ya Wakimbangu. Wabelgiji walimkamata 1921, akafa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30 waumini hawakumwona wala kumsikia, na imani yao ikazidi kuenea. Mtu aliyezaliwa katika ukoo huo, nadhani, alijua tangu utotoni kwamba kiongozi anaweza kuondolewa mbele ya macho ya watu, na bado wakaenda pamoja.

Katika filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010, inayohusu okestra ya Diangienda, umeme unakatika wakati wanapiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Nilipofika hapo nilikumbuka kwaya yetu ya Kadutu, hapa Bukavu. Ilikuwa jioni ya mazoezi, mvua inapiga mabati. Mwimbishaji wetu alikuwa mwalimu, na mkono wa shati lake haukukosa vumbi la chaki. Giza lilipoingia, kitu cha mwisho nilichokiona ni ile chaki ikipanda juu. Hakuna aliyenyamaza. Alto waliingia pale pale walipotakiwa kuingia. Mimi wa besi nilishika sauti yangu kwa kufuata pumzi za jirani yangu, mtu ambaye kwa miezi mingi tulikuwa tumegombezwa pamoja kwa kutosikilizana. Kule kugombezwa kote, kumbe, kulikuwa kwa ajili ya dakika zile.

Umeme uliporudi tulimkuta mwalimu ameshusha mikono, amefumba macho, anatusikiliza. Hakuna kati yetu aliyejua aliishusha lini.