Biashara Asubuhi: Nasaha kwa Kijana Anayekwenda Yide Lu

Mwanangu, nimesikia umepata viza na tiketi ya Guangzhou, na kwamba macho yako yako Yide Lu. Umechagua vyema. Mtaa ule uko jirani na Mto Pearl, pale lilipo kanisa kuu la mawe lililojengwa kuanzia 1863 hadi 1888. Huko utakuta maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea watoto, mapambo ya sikukuu, zawadi na vifaa vya shule. Utakuta pia vitu vya baharini vilivyokaushwa, na usishangae ukiona majongoo bahari na mabondo ya samaki vikiuzwa ghali. Pwani yetu na Ziwa Victoria hutoa bidhaa hizo hizo, kwa hiyo hata anayekwenda kununua anaweza kuwa na cha kuuza.

Watu wa Guangzhou hupenda kukutana kwenye chai ya asubuhi: birika la chai, vikapu vidogo vya vitafunio vilivyopikwa kwa mvuke, na mazungumzo yasiyo na haraka. Ukipanga kikao cha namna hiyo na mwenye duka, jua kwanza unakitakia nini. Bei hushushwa dukani, kwa kalkuleta na wingi wa katoni. Mezani unatafuta mtu atakayepokea simu yako siku mzigo ukifika na kasoro.

Panga kikao mapema. Alika kwa siku ya kazi, maana mwisho wa wiki wazee na familia hujaza meza na utasimama foleni. Saa mbili asubuhi inafaa, kabla hajafungua duka na kuzongwa na wateja. Misimu ya maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo, yale yaliyoanza 1957 na ambayo kila mwaka huanza Aprili na Oktoba, alika siku kadhaa kabla. Ukikaribia mwaka mpya wa Kichina, usitegemee oda mpya; viwanda hufunga na wafanyakazi hurudi kwao.

Halafu kumbuka saa. Guangzhou ikiwa saa mbili asubuhi, Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Mwenzako wa Kariakoo amelala, hatapokea simu ya kukuidhinishia kitu. Kubalianeni usiku wa kuamkia kikao: mnataka bidhaa gani, katoni ngapi, na bei ya mwisho ni ipi.

Mkalimani mchague wewe. Wanafunzi wetu wanaosoma huko wengi hufanya kazi hiyo, lakini kaa naye kwanza, mweleze unachotaka, na kubalianeni ujira. Mkalimani anayelipwa na muuzaji humtumikia muuzaji.

Kama wewe ni Muislamu, sema mapema. Vitafunio vingi vya pale vina nyama ya nguruwe, hata vile vya kamba vinaweza kuchanganywa na mafuta yake. Tafuta mgahawa wenye alama ya Kichina ya halali, umwalike mwenye duka huko. Mwenyeji haoni vibaya. Anaona vibaya mgeni anayekaa mezani bila kugusa chakula.

Mkiketi, tazama mikono ya watu. Mwenyeji akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo shukrani yao. Birika likiisha, weka kifuniko upandeupande na mhudumu ataleta maji ya moto. Mmiminie mkubwa kwanza, wewe mwisho. Kadi yako itoe kwa mikono miwili. Vijiti usivisimamishe kwenye bakuli la wali, maana vinakumbusha ubani wa wafu. Uliza habari za watoto, za kiwanda, za mji wake. Bei isitangulie chai. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyealika, lipa wewe. Huko watu hulipa kwa simu, kwa hiyo hakikisha yako inafanya kazi tangu jana yake.

Mkitoka mezani, nendeni dukani mkafanye kazi yenyewe. Kama unanunua vigari vya plastiki vya watoto, shika kimoja, zungusha magurudumu, fungua mfuniko wa betri. Kwenye karatasi ya oda pawepo namba ya bidhaa, rangi, idadi kwa kila katoni, ujazo wa katoni, bei na tarehe ya kukamilika. Mara nyingi wataomba malipo ya awali ya asilimia 30, na salio kabla ya kupakia. Bakiza sampuli moja mkononi mwako, na salio usilitoe mpaka mtu wako amefungua katoni kadhaa stoo na kulinganisha. Mambo ya vyeti vya ubora yaulize mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya, ungali nyumbani, kwa sababu kontena likishafika bila cheti, hakuna urafiki wa chai utakaolitoa bandarini.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kunywa chai, cheka, mpende mwenyeji wako, lakini usitoe hata yuan moja kabla oda haijaandikwa na kupigwa muhuri.