Kupenda Lugha Yako Si Kudharau ya Mwenzako

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu ulimi wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, wako watu wa pwani ambao riziki imewapeleka Kitale na Bungoma, wakafungua maduka au wakashika kazi huko. Baadhi yao wakirudi husema kuwa Kiswahili cha Kitale chawaumiza masikio, na kwamba mawaidha yakitolewa kwa Kibukusu huko Bungoma hayana haiba. Ati lugha ya dini ni Kiarabu, na baada yake ni Kiswahili, basi. Maneno haya ni mepesi ulimini, lakini ni mazito katika mizani. Leo twataka kuyapima.

Kwanza twasema: mtu hana lawama kwa kupenda lugha fulani. Huyu apenda Kiarabu kwa kuwa ndicho lugha ya Kurani, na yule hana kitamu kama Kimvita au Kiamu alichokisikia kwa mama yake. Mapenzi hayo ni ya halali. Kilicho haramu ni dharau. Katika Suratur Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezihesabu tofauti za lugha zetu na za rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Basi mwenye kuicheka lugha ya mwenzake na atazame anacheka kazi ya nani.

Pili, katika Surat Ibrahim, aya ya 4, twafundishwa kuwa kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake, na sababu imetajwa pale pale: apate kuwabainishia. Dini haikuja ili isikike kwa sauti nzuri tu, imekuja ifahamike.

Huenda msomaji akauliza: Je, na khutba ya Ijumaa? Katika madhehebu ya Imam Shafi, tuyafuatayo pwani, nguzo za khutba ni tano, na kauli yenye nguvu ni kuwa zisomwe kwa Kiarabu. Hayo hatuyagusi. Lakini mawaidha yanayozidi juu ya nguzo hizo, na darsa za jioni, na mafunzo ya wanawake na watoto, makusudio yake ni kufahamisha. Bibi mzee wa kijiji cha Bungoma akielezwa udhu na Zaka kwa lugha asiyoijua, amefundishwa nini? Ataitikia kwa adabu, kisha atarudi kwake kama alivyokuja. Na kesho mbele ya Mola, atakayeulizwa ni yeye, au ni yule aliyedai kumfundisha?

Tuwatazame wanavyuoni wetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa bahari ya Kiarabu, lakini alipotoa gazeti la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932 alilitia Kiswahili pamoja na Kiarabu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy naye akatutolea tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1969. Hawakukidharau Kiarabu hata chembe. Walitaka Mswahili afahamu. Haki hiyo sisi tumeipokea kwa shukrani. Kwa nini tumnyime Mbukusu?

Wala lugha hiyo si ya mbali nasi kama wadhanivyo wengi. Sisi twasema mbuzi, wao husema embusi. Sisi nyama, wao enyama. Na salamu yao ni mulembe, na maana yake ni amani. Mtu akuamkiaye kwa amani, wamcheka kwa lipi?

Na watu wa Mombasa wanajua uchungu wa lugha ya mtu kuwekwa kando. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa papa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na Kimvita kikaachwa juu ya utukufu wake wote wa mashairi. Aliyeonja uchungu huo hafai kumwonjesha mwingine.

Ama Kitale, ni mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 wakahamia watu wa makabila mengi. Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana na wengineo huuziana na kupatana kwa Kiswahili. Kweli ngeli zao huenda zikapotea njia. Lakini bora mwenye kukosea ngeli akapatana na jirani yake, kuliko fasihi wa ulimi asiye na jirani.

Lakini iko hatari nyingine, nayo yatuhusu sote, wa pwani na wa bara. Wazazi wengi wa mijini hujifakhiri kuwa watoto wao wajua Kiingereza peke yake. Mtoto wa Kitale akipelekwa kijijini Bungoma kumzuru bibi yake, hupeana mikono, kisha hunyamaza. Na Mombasa pia wako wajukuu wasiofahamu hadithi za bibi zao. Kuunga jamaa ni faradhi. Utaunga vipi na ulimi umekatika? Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.

Kwa hivyo twausia mambo matatu. Msemeshe mwanao lugha ya nyumbani kwako, kisha umwongezee nyingine. Atakaye kufundisha dini Bungoma na ajifunze Kibukusu. Mtume mwenyewe alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze lugha ya Mayahudi, naye akajifunza. Na usimcheke asemaye lugha yako kwa taabu, kwani amekuja kwako kwa miguu yake.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kufahamisha, na nyoyo zisizo na kiburi. Amin.